Feledi Halikuagwa

Turbo ya gari la Fundi Abdurahman Mwero ilikufa Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1998, kati ya saa mbili na dakika arobaini na sita na saa mbili na dakika arobaini na nane asubuhi, ndani ya uwanja wa Hoteli ya Mwamba Mweupe, Diani. Zilikuwa zimebaki siku arobaini na saba mwenyewe astaafu. Fundi Mwero, mkuu wa karakana yetu, anastaafu Alhamisi hii, tarehe 31 Desemba, baada ya kuitumikia hoteli miaka ishirini na saba na miezi kumi. Wasifu huu ulipaswa kuanza na miaka hiyo. Umeanza na turbo kwa sababu miaka ile hakuna anayeweza kuiharibu tena, na turbo imeharibiwa.

Wasomaji wa jarida hili wananijua. Ni mimi Nthenya wa stoo ya vipuri. Uhariri nilitwikwa mwaka 1993 kwa kuwa kwenye mkutano wa wafanyakazi ni mimi peke yangu niliyekuja na kalamu. Tangu hapo nimewaandikia wastaafu kumi na mmoja, wote kwa furaha. Huyu wa kumi na mbili namwandikia kwa hasira, na asije mtu akadhani hasira hiyo inamhusu yeye.

Abdurahman Mwero alizaliwa Msambweni mwaka 1943. Aliingia kazini hapa tarehe 1 Machi 1971, hoteli ikiwa na vyumba ishirini na vinne na jenereta moja iliyokuwa ikikohoa zaidi ya kuunguruma. Kazi aliyoandikiwa ilikuwa kuipangusa jenereta hiyo, basi. Wiki ya tatu ikazimika wageni wakiwa mezani. Fundi aliyeitwa kutoka Mombasa alipovuka Likoni na kufika hapa, taa zilikuwa zimewaka kitambo na mpangusaji alikuwa akinawa mikono. Alikuwa amekata gasketi, ya kuziba pale injini ilipovuja, kwenye katoni ya sabuni ya unga. Gasketi ile ya katoni ilidumu miezi kumi na moja. Ya dukani iliyoifuata ilidumu mitatu.

Mwaka jana, mvua za El Niño zilipoikata barabara, dizeli haikufika hapa siku tisa. Tulikuwa na lita mia tatu na sitini. Fundi aligawa: lita arobaini kwa siku, saa tano za umeme, mbili alfajiri na tatu jioni. Aliandika ratiba kwa chaki mlangoni pa jenereta akaketi mbele yake na rungu. Hakuna samaki aliyeoza kwenye friji, na siku ya tisa debe lilibaki na lita moja na nusu, na mpaka leo Fundi huwakumbusha watu kwamba hiyo ilikuwa ya ziada.

Amefundisha mafundi kumi na wanne. Wanane wana karakana zao, kuanzia Ukunda hadi Kinango. Wote walipitia sharti lake moja: spana haitoki bila shikamoo. Owen wa mapokezi, alipofika kutoka bara mwaka 1995, aliingia karakanani na salamu ya mjini.

"Fundi, sasa?"

Fundi aliitazama saa yake kwa makini. "Sasa ni saa nne na robo. Na shikamoo ni saa ngapi?"

Owen alitoka nje, akabisha hodi, akaingia upya. Siku hizi shikamoo yake husikika hadi jikoni, nasi humwita Mdigo wa Kakamega.

Mimi nilifika mwaka 1982 kutoka Mwingi, nikawekwa dobi kukunja mashuka. Fundi aliniona nikiyahesabu kwa macho tu, bila kuyagusa na bila kukosea, akamwambia msimamizi wangu, "Huyu dada mnampoteza kwenye pasi." Alinifundisha namba za vipuri kila jioni baada ya kazi, kwa chaki, ukutani. Leo stoo ina aina 2,316 za vipuri na ninajua kila kimoja kilipo. Kwa hiyo nikitaja namba hapa chini, anayetaka kubisha aje na namba zake.

Sasa Feledi.

Jumamosi ya Pasaka mwaka 1985, mgeni mmoja wa Nairobi, mpenzi wa mashindano ya magari, aliingia getini na Nissan Fairlady ya turbo ya mwaka 1982. Nyekundu, silinda sita, pua ndefu, milango miwili, chini kama inatafuta kitu barabarani. Alitangaza mbele ya mapokezi kwamba kutoka Likoni mpaka hapa ametumia dakika kumi na nane. Akazima gari palepale, akaenda kunywa dafu. Jioni alipoliwasha lilitoa moshi wa buluu uliowafukuza watu barazani. Alilitukana kwa lugha mbili, akapanda ndege, akaliacha chini ya mkilifi, yaani mwarobaini, nyuma ya dobi. Lilikaa hapo miaka miwili, kuku wa jirani wakatagia kwenye kiti cha nyuma. Mwaka 1987 ikaja bahasha yenye logibuku iliyokwisha kubadilishwa jina, na karatasi: "Mwero, chuma chako hicho." Tangu siku hiyo mwenye gari ni Abdurahman Mwero. Wafanyakazi, ambao hawakuwa na subira na jina la kizungu, waliliita Feledi.

Nieleze turbo ni nini, kwa sababu nimegundua kuna watu wenye vyeo hapa wasioijua. Ni feni ndogo, saizi ya kikombe cha kahawa, inayozungushwa na moshi wa injini ili iisukumie injini hewa. Ikikolea huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na huiva mpaka ikawa nyekundu. Kinachoiokoa ni oili ya injini inayopita katikati yake. Ukizima injini ghafla, oili inasimama, feni haisimami. Inaendelea kuzunguka kavu, katika moto, na oili kidogo iliyobaki inaungua ikawa mkaa. Hivyo ndivyo dafu la yule bwana wa Nairobi lilivyoiua turbo ya kwanza.

Fundi alitafuta nyingine miezi kumi na sita. Kila mwisho wa mwezi alivuka Likoni, akazunguka maduka ya spea kuukuu Mombasa, mfukoni ana kipimo cha shafti alichokichonga kwa mti wa mpera. Aliipata Oktoba 1988, imetumiwa na mwenye duka kuzuia mlango usifungwe na upepo.

Kitabu cha gari alikuwa nacho tayari. Mwalimu mmoja wa Kijapani aliyekuja hapa na mkewe Januari ya mwaka huo aliliona gari chini ya mkilifi, akaliinamia kana kwamba amekuta jamaa yake, na alipofika kwao akatuma kitabu kwa posta. Kilikuwa kwa Kijapani chote. Fundi alikisoma kwa michoro. Alisoma vizuri, ila ukurasa wa 63 ulikuwa na mchoro wa ufunguo, na kando yake saa, mkono wa saa ukielekea tatu. Sasa niambieni, Mswahili gani anayeona mkono kwenye tatu asiseme saa tisa? Fundi aliamua kwamba Wajapani wanaonya: gari hili lizimwe ifikapo saa tisa alasiri, lisionekane barabarani tena mpaka kesho.

Miezi minne tuliishi hivyo. Desemba 1988 Kamene wa dobi aliolewa na Muindi wa jikoni, na Feledi ndilo lililombeba bibi arusi. Kanisani mahubiri yalirefuka. Saa tisa kasorobo walikuwa bado Ukunda, umati umejaa, vigelegele vimepamba moto. Saa tisa kamili Fundi aliegesha kando ya duka la mbao, akazima.

"Fundi, mbona tumesimama?" Kamene aliuliza.

"Saa tisa, mwanangu. Kitabu kimesema."

Bibi arusi alimalizia safari kwa miguu, gauni mkononi, viatu kichwani kwa shangazi yake. Hajasahau. Alhamisi ndiye anayepika pilau, na ameapa kwamba itakuwa tayari saa tisa na Fundi ataila baridi.

Februari 1989 yule mwalimu wa Kijapani alirudi. Fundi alimwonyesha ukurasa wa 63 na kumweleza, kupitia Kiingereza changu, jinsi alivyolinda saa tisa. Yule bwana alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akainua vidole vitatu, akageuza mkono kama anayezima ufunguo, akatikisa kichwa. Dakika tatu. Ukifika, usizime. Acha injini ingurume taratibu dakika tatu, turbo ipoe huku oili ikipita, ndipo uzime.

Fundi alikifunga kitabu. Kisha akasema neno ambalo hoteli nzima imelitumia tangu hapo. "Kumbe linataka kuagwa."

Mtu wa pwani hainuki tu kwenye baraza la watu akaenda zake. Anasema naona nitangulie, anaambiwa mbona mapema, anauliza hali ya watoto kwa mara ya pili, ndipo anavaa viatu. Fundi aliona gari lina adabu hiyohiyo. Kwa miaka tisa na miezi tisa hakulizima hata mara moja bila kuliaga. Hata Agosti 1990, Kamene aliposhikwa na uchungu na gari la hoteli halipo. Kutoka hapa hadi hospitali ya Msambweni ni kilomita thelathini na moja. Fundi alitumia dakika ishirini na mbili. Walipofika, wauguzi walimpokea Kamene, na Muindi akageuka akamwona Fundi bado ameketi, mikono kwenye usukani, injini inanguruma.

"Fundi, shuka! Mtoto anakuja!"

"Nenda wewe, baba. Mtoto hanihitaji mimi. Mimi naaga gari."

Mtoto alizaliwa dakika ya pili. Anaitwa Mwero, yuko darasa la tatu, na anajua kuhesabu hadi mia moja na themanini bila kuruka, maana ndivyo alivyofundishwa kuzihesabu dakika tatu.

Kulitunza gari la namna ile kando ya bahari ni kazi ya kila siku. Chumvi hula bati hata ukilifunika. Maji ya kisima chetu yana chumvi pia, kwa hiyo Fundi aliweka pipa chini ya mchirizi wa paa la karakana, likaandikwa MAJI YA FELEDI, na rejeta haikuwahi kunywa kitu kingine ila mvua. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini aliliosha tumbo lake kwa maji hayo. Oili aliibadilisha kila kilomita 2,400, si 5,000 kama magari mengine. Alipolipokea lilisoma kilomita 48,188. Asubuhi ya tarehe 14 Novemba mwaka huu lilisoma 91,388. Tofauti ni 43,200. Igawanye kwa 2,400: kumi na nane. Nenda karakanani uhesabu alama za chaki za kubadilisha oili kwenye ukuta wa banda la Feledi. Ziko kumi na nane. Na kila lilipoegeshwa, Fundi aliandika kilomita ukutani kwa chaki hiyohiyo. Mabibi arusi arobaini na mmoja wa wafanyakazi wamelipanda. Wageni wa hoteli waliofunga ndoa hapa nao walilipanda, kwa ruhusa ya Fundi, akiendesha Fundi. Hilo ndilo lilikuwa patano lake na hoteli: banda lenu, gari langu, mikono yangu.

Alhamisi tarehe 12 Novemba Fundi aliomba ruhusa ya siku tatu, akaenda Kinango kwenye arusi ya mpwa wake. Ufunguo wa Feledi aliuacha kwangu, msumari wa saba, kama siku zote.

Jumamosi asubuhi Owen wa mapokezi alikuja na karatasi yenye muhuri: "Toa ufunguo wa gari jekundu. Kumpokea mgeni uwanja wa ndege wa Ukunda. Ofisi." Niliutoa. Hilo ni kosa langu, nimelikiri kwa Fundi na nalikiri hapa. Owen aliupeleka ofisini, akauweka juu ya meza ambayo haikuwa na mtu, akarudi mapokezi. Zaidi ya hapo hajui, nami namwamini.

Thoya, askari wa geti, aliandika kitabuni: gari jekundu, limetoka saa mbili na dakika kumi, limeingia saa mbili na dakika arobaini na sita. Kwenye safu ya jina la dereva aliandika: Ofisi.

Hapa lazima niseme jambo la aibu yetu sote. Katika hoteli hii mkubwa akitoka hatuandiki jina lake. Tunaandika Ofisi. Ofisi imetoka, Ofisi imerudi, Ofisi imeagiza kuku. Tulianza kwa heshima, tukazoea. Nilimuuliza Thoya ni nani aliyekuwa usukanini, akanijibu akiwa amesimama wima kama yuko kazini.

"Dada Nthenya, vioo ni vyeusi. Mimi nilipigia saluti gari. Sikupigia mtu."

Saa mbili na dakika arobaini na nane, mimi nikiwa nyuma nahesabu mikanda ya feni, nilisikia kitu kikigonga kaunta. Nilipotokea hapakuwa na mtu. Ulikuwa ufunguo, bado una joto la mkono. Niliandika saa, kama niandikavyo kila kitu. Basi pigeni hesabu. Kutoka getini mpaka bandani ni dakika moja ya kuendesha. Kutoka bandani mpaka stoo ni dakika moja ya kutembea. Moja na moja ni mbili. Dakika tatu za kuaga zimekaa wapi?

Na si hilo tu. Kutoka geti letu hadi uwanja wa ndege ni kilomita tano. Kwenda na kurudi ni kumi. Dashibodi ilisoma 91,407. Limekwenda kilomita kumi na tisa. Tisa zilizozidi hazikumfuata mgeni yeyote, kwa sababu ndege ya asubuhi ile ilitua saa tatu na robo, gari likiwa limekwisha kuzimwa. Zilikwenda kwenye ile barabara iliyonyooka baada ya Ukunda, mahali pa kujua gari lina mbio kiasi gani. Mtu alilikimbiza mpaka likaiva, akalirudisha, akalizima kama anavyozima redio.

Fundi alirudi Jumapili. Aliliwasha, likapiga mluzi mwembamba, kisha moshi wa buluu ukajaa bandani. Alilizima, akafungua, akatoa turbo na kuishika kiganjani. Shafti ilikuwa imeganda, oili imekuwa mkaa. Nilimwambia ni mimi niliyetoa ufunguo. Aliinuka kutoka kwenye gurudumu alilokalia akanijibu polepole.

"Wewe uliupa muhuri ufunguo, mwanangu. Muhuri hauna leseni."

Huyu ni mtu aliyepanga kutoka geti hili siku yake ya mwisho akiliendesha gari lake mwenyewe hadi Msambweni, alikojenga karakana ya milango miwili kando ya barabara, na kuliegesha mbele kama kibao cha biashara. Hakuwa na mpango mwingine wa kibao.

Tulingoja mtu aje aseme pole. Jumatatu tarehe 23 Novemba ikaja barua. Mistari mitano, muhuri, sahihi isiyosomeka. Inasema gari la Bwana Mwero "limeharibika kwa uchakavu na matunzo duni", liondolewe kabla ya siku yake ya mwisho, na nakala iwekwe kwenye faili lake.

Matunzo duni! Mabadiliko kumi na nane ya oili kwa kilomita 43,200, maji ya mvua kwenye rejeta, tumbo kuoshwa kila Ijumaa, na mtu aliyekosa kumwona mtoto akizaliwa ili turbo ipoe, mnamwandikia matunzo duni? Na maneno hayo hayataishia failini. Cheti cha utumishi anachopewa mstaafu huandikwa kutoka kwenye faili. Fundi alishanunua fremu ya kukitundika Msambweni, juu ya meza ya kazi. Mnataka mteja wa kwanza aingie akiwa na gari lake bovu, ainue macho, asome kwamba mwenye karakana hajui kutunza gari?

Muhuri wa Ofisi unatumiwa na watu watatu. Meneja Mkuu alikuwa Nairobi tangu Alhamisi ile. Tiketi yake niliiona, na ndege aliyorudi nayo ni ya Jumatatu. Wamebaki wawili. Fundi, kama mnavyojua, si mrefu, na kiti chake, kwenye reli ya kukisogeza, hukaa jino la pili kutoka mbele. Jumapili alikikuta jino la sita, na hilo pia aliliandika ukutani kwa chaki: kiti, sita. Kati ya wale wawili, mmoja hufika begani pa Fundi, tena akivaa viatu vya kisigino. Akikaa jino la sita hataigusa breki. Sina la kuongeza. Jina silitaji, kwa sababu nataka lisemwe na mwenyewe, kwa mdomo wake, kama watu wazima wanavyofanya.

Turudi kwa mwenye siku. Alhamisi tutakutana karakanani saa kumi na moja jioni. Hotuba zitakuwa fupi, wengi tumefunga na wasiofunga wana njaa vilevile. Magharibi ikiadhiniwa tutafuturu pamoja, pilau ya Kamene iwe ya moto au ya baridi. Kisha Feledi litatoka. Turbo halina, injini haitawashwa. Tutalisukuma sisi, jikoni upande wa kushoto, dobi upande wa kulia, Owen nyuma, na Fundi ataketi usukanini kama alivyopanga. Nje ya geti kuna lori la mmoja wa wale mafundi kumi na wanne, litalivuta hadi Msambweni. Kabla ya kupita geti tutasimama dakika tatu. Mwero mdogo atahesabu kwa sauti mpaka mia moja na themanini. Thoya ameniahidi kwamba kwenye safu ya dereva ataandika jina kamili, Abdurahman Mwero, kwa herufi kubwa, na atapigia saluti mtu.

Fundi, shikamoo. Ahsante kwa gasketi ya katoni, kwa siku tisa za dizeli, kwa namba ulizoniandikia ukutani mpaka nikawa mtu wa stoo na si wa pasi. Mungu akupe afya Msambweni, wateja wenye subira, na mvua ya kutosha pipa lako. Ukipata turbo nyingine, tuite tuje kuisikia. Tunakuombea miaka mingi yenye utulivu, nawe uiage kila siku yako polepole, kama unavyojua.

Na wewe wa jino la sita. Hatukudai turbo. Fundi amekataa, anasema hii iliyokufa aliitafuta mwenyewe na safari hii anajua pa kuanzia. Tunachodai ni maneno mawili yatoke kwenye faili na jina moja liingie kwenye kitabu. Kitabu cha geti nimekiazima kwa Thoya. Kipo juu ya kaunta ya stoo, kimefunguliwa ukurasa wa tarehe 14 Novemba, na kalamu ipo. Mbele ya neno Ofisi pana nafasi ya kutosha. Alhamisi, tarehe 31 Desemba, saa kumi kamili alasiri, nitakifunga na kukirudisha getini, na nitakisoma kwa sauti mbele ya watu jinsi kilivyo. Ni wewe uliyeizima injini ile? Ndiyo au siyo, kwa jina lako, kabla ya saa kumi.